Nilivyomponya Simon Kamau kwa Kompyuta

Aliyeniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi ya takwimu za afya alitaka nizungumzie mafanikio. Mafanikio yapo, na nitayafikia. Lakini ukitaka kuijua barabara, usimuulize aliyeipita salama. Muulize aliyetumbukia kwenye shimo lake, atakuonyesha lilipo hata gizani. Mimi nilitumbukia, na nilipotumbukia sikuwa peke yangu.

Naitwa Njoroge. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kupiga taipu, nikaajiriwa karani wa rekodi za wagonjwa. Miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia katika ofisi moja katikati ya jiji, tukifuatilia homa ya ini aina ya C. Ugonjwa huu hupita kwa damu. Unaweza kukaa mwilini miaka na mikaka bila mwenyewe kuhisi chochote, huku ini likiota makovu polepole. Ubaya wake ni huo ukimya. Uzuri ni kwamba siku hizi una dawa: vidonge vya miezi michache, na wengi wanaomeza hupona kabisa. Kwa hiyo inawezekana kuutokomeza. Kinachotakiwa ni kumjua aliye nao, kumpa dawa, kisha kuhakikisha amepona. Kazi yetu ilikuwa hiyo ya kujua. Hatukuwa na sindano wala vidonge. Tulikuwa na majina.

Mkubwa wangu alikuwa Sista Akinyi, muuguzi kutoka Siaya aliyekuwa amehudumu wodini miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu. Nashukuru Mungu kwamba alikuwa yeye. Mtu mwingine angenifukuza mwezi wa kwanza.

Mwezi huo wa kwanza nilimpelekea hesabu ya wagonjwa. Akaisoma, akavua miwani, akaniangalia.

"Karani, umewaambukiza watu wote hawa kwa kalamu?"

"Wote wamepatikana na ugonjwa, Sista."

"Kwa kipimo gani?"

Nikasema kipimo ni kipimo. Alicheka mpaka dada wa ofisi ya pili akaja kuchungulia. Kisha akavuta kiti, akanieleza jambo ambalo nanyi mlishike leo kabla hamjagusa kompyuta. Kipimo cha kwanza, kile cha tone la damu kidoleni, hakitafuti virusi. Kinatafuta alama ya kwamba mwili uliwahi kupigana na virusi hivyo. Mtu anaweza kuwa alipona zamani na alama ikabaki damuni maisha yake yote. Kipimo cha pili, cha maabara, ndicho kinachosema kama virusi vyenyewe bado vimo. Ukihesabu kipimo cha kwanza peke yake, aliyepona atabaki mgonjwa kwenye vitabu vyako mpaka azikwe.

"Kovu si kidonda," akaniambia. "Sasa nenda uwaponye watu wako."

Nilirudia hesabu yote. Sikuona aibu sana, kwa sababu hakuna aliyeumia. Karatasi tu ndizo zilizoumia.

Jambo jingine nililojifunza kwa kuungua ni simu. Ukimpigia mgonjwa, usitaje ugonjwa mpaka ujue ni nani aliyeshika. Niliwahi kupiga, nikasikia "haloo" ya mtu mzima, nikaanza kueleza majibu ya maabara kama mhubiri. Nilipomaliza, ile sauti ikaniambia, "Asante sana. Mimi ni mama mkwe wake." Niliomba msamaha kwa mama mkwe, kwa mgonjwa, na kwa Sista Akinyi, kwa mpangilio huo. Tangu siku hiyo salamu yangu ikawa, "Naongea na nani?" Nikishajibiwa, nauliza tena.

Tuje sasa kwa majina.

Watu hawatoi majina yao vile nyinyi mnavyodhani. Katika kliniki ya wanaoacha unga, yaani heroini, mtu alikuwa akiandikishwa jina la mtaani, na haki yake, maana alikuwa anaogopa polisi kuliko ini. Tulikuwa na akina Kifaru, akina Kamanda, na mawaziri wengi kuliko wanaotosha baraza moja. Mtu huyo huyo akienda hospitali ya Parklands anatoa jina la ubatizo, na akienda kambi ya afya kanisani anatoa la nyumbani. Mtu mmoja anakuwa watatu. Ndipo hesabu inapovimba, na mnaanza kuona mlipuko ambao haupo.

Kwa sababu hiyo tuliletewa programu ya kompyuta ya kutafuta waliojirudia. Ilikuwa inatazama jina, tarehe ya kuzaliwa na mtaa, kisha inakuletea watu wawili bega kwa bega na kukuuliza: ni mmoja? Ukikubali, inawaunganisha. Niliipenda sana. Nilikuwa mzee kati ya vijana waliosoma chuo, na hapo palikuwa na kitu ninachokiweza. Nilikuwa nabofya kama mtu anayechambua mchele. Kila jioni hesabu ilikuwa imepungua, na wakubwa wa juu walikuwa wakifurahi, kwa sababu hesabu ikipungua inaonekana ugonjwa unakwisha.

Lakini kuna mambo mawili ambayo programu ile haikuyajua, na mimi niliyajua nikayaacha nyumbani.

La kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Kambini mtu haji na kitambulisho. Unamuuliza umri, anasema ana arobaini na kitu. Ukiiandikia kompyuta umri peke yake, inakuwekea yenyewe tarehe moja Januari. Kwa hiyo kwenye vitabu vyetu nusu ya Nairobi ilizaliwa mwaka mpya, siku ambayo hata wakunga wamelewa.

La pili ni desturi ya kwetu Wakikuyu. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Ndugu wanne wakizaa, wavulana wanne wa kwanza wataitwa jina moja, la guka wao, yaani babu, na mara nyingi hata la ubatizo linafuata. Mimi mwenyewe nimepewa jina la guka yangu, na utotoni akiita mama mmoja tulikuwa tunaitika kikosi. Mzungu aliyeitengeneza programu angesamehewa. Mimi je?

Basi, kompyuta ikaniletea Simon Kamau na Simon Kamau. Umri mmoja. Mtaa mmoja, Dagoretti. Wa kwanza alikuwa amemaliza dawa na kipimo cha mwisho kilisema amepona. Wa pili alikuwa na kipimo cha kwanza tu, chenye alama, kutoka kambi ya afya. Nikawaza: huyu ni yule yule, amepita kambini akapimwa bure kama wanavyopenda watu, na alama ya zamani ikaonekana. Kovu si kidonda. Nilikuwa nimejifunza vizuri mno. Nikabofya.

Baada ya muda yakaja majibu ya maabara, kipimo cha pili cha Simon Kamau: virusi vimo. Nikajiambia ni damu ya zamani, ya kabla ya dawa, imecheleweshwa na maabara. Walikuwa na tabia hiyo ya kuchelewesha. Sikuangalia siku damu ilipotolewa. Niliyaweka kwenye faili ya aliyepona, nikafunga.

Miezi ikapita. Mingi.

Siku moja Sista Akinyi alikuwa anapitia watu waliopona kisha wakaambukizwa tena. Akaniita.

"Njoroge, huyu Simon Kamau. Alipona, halafu damu iliyotolewa baadaye ina virusi. Ama amerudia, ama wewe umekosea."

"Amerudia," nikasema, haraka sana. "Alikuwa mtu wa sindano za unga huyo."

"Basi nenda ukamwone. Kwa upole."

Simon alikuwa fundi wa magari, gereji yake nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Mkewe, Mama Shiru, alikuwa na kibanda cha chai hapo kando. Nilimkuta Simon ameinama ndani ya boneti. Nikamwambia nina swali la faragha.

"Uliza tu, mzee. Hapa ni magari tu yanasikia."

Nikamsogelea. "Damu yako inaonyesha virusi vimerudi. Simhukumu mtu mimi. Je, umerudia sindano?"

Akatoka ndani ya boneti polepole. "Ati nini?"

"Ni swali tu."

"Mimi nimeacha unga, nikaoga, nikaoa, nikafungua kazi, halafu wewe unakuja na shati lako la ofisi kuniita teja?"

"Sijasema teja."

"Umesema sindano! Ilikuwa ya kushona?"

Mama Shiru akaja, birika bado mkononi. Sitausahau uso wake. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyengojea habari hiyo miaka mingi akiomba isije. "Sindano gani, Baba Shiru?"

"Muulize huyu mzee! Na wewe mzee, hiyo damu nilitolewa lini?"

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. "Mwezi wa nne, kwenye kambi ya afya kanisani."

"Mwezi wa nne nilikuwa Naivasha natengeneza malori ya watu. Mama Shiru, si ulinitumia sweta?"

Mama Shiru akaweka birika chini juu ya tairi. Pumzi ilimtoka kama mtu aliyetua gunia. "Alikuwa Naivasha. Mwezi wote." Kisha akanigeukia, na sasa hasira ikaja. "Mzee, aliyeenda kambi ni Simon yule mwingine, soja wa getini huko Parklands. Alipita hapa kunywa chai na pamba mkononi."

"Simon yupi mwingine?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Binamu yangu," akasema Simon. "Guka alikuwa Simon Kamau. Baba yangu akazaa wa kwanza, ni mimi. Ndugu yake akazaa wa kwanza, ni yeye. Ulitaka waite mmoja Onyango kama Mjaluo?" Sauti ikashuka. "Kwani na yeye anao?"

"Siwezi kukuambia."

"Si umeshaniambia."

Ni kweli, nilikuwa nimeshamwambia. Siri ya mtu ambaye hata yeye mwenyewe alikuwa hajaijua. Nikawaomba wote wawili wasiseme neno mpaka nimwone, nikamwomba Mama Shiru msamaha mbele ya mumewe, nikasema kwa sauti ya kutosha wateja wa chai kusikia kwamba kosa lilikuwa la ofisi na huyu bwana hakurudia chochote. Mama Shiru akasema, "Hiyo ungeanza nayo." Akaniuzia chai hata hivyo. Sikuweza kuimaliza.

Nilimpigia Sista Akinyi nikiwa nimesimama kando ya barabara ya Ngong. Nilimweleza yote. Nilisikia magari ya upande wake na ya upande wangu.

"Nyinyi Wakikuyu wa Kiambu," akasema mwishowe, "mnarudishiana majina kama sufuria za kuazima."

"Na nyinyi Wajaluo je? Si kila anayezaliwa asubuhi ni Akinyi?"

"Ndiyo maana mimi siunganishi watu bila kuwauliza." Halafu akaacha utani. "Usirudi ofisini. Nenda Parklands sasa hivi. Na Njoroge, huyu usimuulize kitu. Wewe ndiye utakayejibu."

Simon wa pili alikuwa langoni mwa jengo la fleti, sare yake imepigwa pasi, mrefu na mpole. Aliniuliza mimi ni mgeni wa nani. Nikamwambia ni wake. Safari hii nilimwomba tukae mbali na watu, nikamwuliza kitu kimoja tu kabla sijafungua mdomo: mama yake anaitwa nani.

"Kwani unataka kunishtaki?" akacheka. "Anaitwa Njeri."

Simon wa gereji nilikuwa nimemwuliza kabla ya kuondoka: mama yake ni Wambui. Neno moja, na wale watu niliokuwa nimewaunganisha wakaachana mbele ya macho yangu. Chukueni hilo mkalifanyie kazi: guka ni mmoja, lakini mama ni tofauti. Uliza jina la mama.

"Ulipimwa kambini," nikamwambia.

"Nilipimwa. Mkanitoa damu mara ya pili, mkasema mtapiga simu. Hamkupiga. Nikasema, hawa wangekuwa na neno baya wangenitafuta. Nilidhani mkikaa kimya ndio niko sawa."

"Hukupigiwa kwa sababu niliandika umepona."

Alifikiria hilo. Gari likapiga honi langoni, akaenda akafungua, akampigia mwenye gari saluti, akafunga, akarudi.

"Nilipona nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, bila kujipunguzia. Kwamba virusi vilikuwa damuni mwake, kwamba dawa ilikuwepo siku zote hizo, na kwamba miezi aliyoipoteza ilipotea mkononi mwangu. Hakupiga kelele kama binamu yake. Aliniuliza kama watoto wake nao wapimwe, nikasema wote nyumbani wapimwe. Aliniuliza kama atakufa. Nikasema sijui hali ya ini lake, na kwamba daktari atamwona kesho asubuhi, nami nitakuwepo. Afadhali angenitukana.

Kipimo cha ini kilionyesha makovu yameanza. Daktari alisema hayajafika pabaya. Nilimuuliza ni kiasi gani kilichoota katika miezi ile yangu. Akasema hakuna anayeweza kujua. Hilo nitakwenda nalo kaburini, na ni haki niende nalo.

Mkewe na watoto walikuwa salama. Akaanza vidonge.

Wakati anameza, Sista Akinyi aliniketisha mbele ya kompyuta, akaketi kando yangu na kikombe chake, akasema tunafungua kila jozi niliyoiunganisha. Angeweza kuandika barua juu ya kosa langu na kuniacha nifunge virago. Badala yake alibeba simu moja, mimi nyingine, tukapiga. "Naongea na nani? Mama yako anaitwa nani?" Wengi walikuwa kweli mtu mmoja. Wachache hawakuwa. Kila tulipompata mmoja wa hao wachache, aliyepotelea ndani ya jina la mwenzake, Sista alikuwa anagonga meza mara moja kwa kiganja, na mimi roho inanirudia kidogo.

Hesabu zetu zikawa mbaya. Wakubwa wakauliza kwa nini ugonjwa umeongezeka Nairobi ilhali nchi inautokomeza. Sista akawajibu mkutanoni, nami nimekaa nyuma: "Haujaongezeka. Tumeacha kuuficha." Hakutaja jina langu. Siku hiyo nilielewa kazi niliyokuwa nimeifanya kwa muda wote ule. Mtu unaweza kumwondoa kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, na mchoro wa hesabu uliobandikwa ukutani ukateremka vizuri. Ini lake haliangalii mchoro.

Vidonge vilipokwisha, ilibidi kungoja. Nanyi msije mkamwandika mtu amepona siku anapomeza kidonge cha mwisho. Unangoja miezi mitatu, ndipo damu inapimwa tena, na hicho ndicho kipimo kinachosema. Nilistaafu katikati ya kungoja huko. Wakanipa saa ya ukutani na keki. Sikuisikia keki ladha.

Siku ya majibu Simon wa Parklands alinipigia yeye mwenyewe, akasema anataka niwepo. Nilimkuta nje ya kliniki na Simon wa gereji, wamekuja pamoja, na Mama Shiru aliyeacha kibanda chake kwa jirani. Yeye mgonjwa aliingia peke yake. Sisi tukabaki kwenye benchi. Simon wa gereji akaninong'oneza, "Mzee, leo usiunganishe mtu." Nilicheka, na machozi yakanitoka hapo hapo.

Alitoka, akasimama mbele yetu. Mama Shiru akamshika mkono. "Sema, shemeji."

"Havipo," akasema. "Wamesema havikuonekana."

Simon wa gereji akamkumbatia mpaka kofia ya soja ikaanguka. Mimi niliinuka, nikaanza kuomba msamaha upya kama mtu anayeanza kusoma mwanzoni mwa kitabu. Akaniinulia mkono.

"Mzee, ile miezi huwezi kunirudishia, na mimi sitakudanganya kwamba haikuniuma. Nimelala nikiwaza watoto. Lakini ulikuja mwenyewe. Hukutuma mtu."

Nikamuuliza kama atakubali niwasimulie vijana wanaoanza kazi hii. Nikamwahidi nitambadilisha jina.

"Usilibadilishe," akasema. "Waambie ni Simon Kamau. Tuko wengi Nairobi hii, nani atanijua? Wewe ndiye wa kunijua."

Namjua. Ni Simon wa Njeri, na amepona.